Saa ya Meli na Saa ya Mteja

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona bahari wala meli. Nilisimamishwa mbele ya saa mbili za ukutani, katika ofisi ya safari iliyokuwa mtaa wa Al Mansoura, juu ya duka la kushona abaya na mkahawa wa chai ya karak. Saa moja ilikuwa ya Doha. Ya pili haikuandikwa kitu. Msimamizi wa Zamu, mwanamke wa Mombasa aliyekaa Ghuba miaka mingi hadi Waarabu wakasahau kuwa ni mgeni, aliniuliza kama ninaiona.

"Naiona, Mama."

"Hiyo ni saa ya meli. Popote walipo wateja wetu, hiyo ndiyo tunayoifuata. Hii nyingine ni ya kukwambia lini ule chakula cha mchana, na kula kwenyewe utakusahau."

Nilikuwa nimetoka Nyahururu na cheti cha utalii, na suti niliyoazimwa na shemeji. Miaka ya elfu mbili ndiyo ilikuwa imeanza. Doha yote ilikuwa inachimbwa, na vumbi lililala hata juu ya sukari. Nilianza kwa kushika bango la majina uwanja wa ndege wa zamani, nikapandishwa kuwa karani wa viza, kisha nikawa Mratibu wa Ziara za Nchi Kavu. Vijana mnaosoma haya huenda hamjui ziara hiyo ni nini. Familia za Doha zilikimbia joto la Julai kwa kupanda meli za starehe huko Ulaya. Meli ikifika bandarini, abiria hushuka kutembea mchana mmoja, jioni wakarudi. Wengi hupakiwa kwenye mabasi ya meli yenyewe. Wateja wetu walitaka gari lao, mwongozaji wao, mahali pa kuswali, na kiti cha magurudumu kwa bibi. Hiyo ndiyo ziara ya faragha, na mimi niliipanga na kuifuata kwa simu nikiwa nimeketi Doha, chini ya kipoza hewa kilichovuja.

Hofu ya kazi hiyo ilikuwa moja tu. Basi la meli likichelewa, meli hungoja. Gari la faragha likichelewa, meli huondoka. Hakuna wa kumlaumu. Utasimama gatini na mkoba wako mdogo, ukiangalia mgongo wa nyumba iliyobeba nguo zako, dawa zako, na pasipoti yako iliyo mikononi mwa maofisa wa meli.

Ndiyo maana Msimamizi alinifundisha kuweka akiba. Kama mwisho wa kupanda ni saa kumi, mteja huambiwa saa tisa. Meli huandika saa ya kweli kwenye ubao karibu na ngazi, lakini familia zetu zilishuka kama msafara wa harusi. Nani angesoma ubao?

"Tunawadanganya?" nilimuuliza.

"Tunawafikisha. Saa isogeze, mwanangu, uisogeze na roho nyeupe. Lakini usiapie. Jina la Mungu liache mahali pake. Siku ukilitia kwenye saa ya uongo, usinijie."

Nikaishika sheria hiyo. Mimi ni Mkristo niliyezoea kusali Ijumaa, maana huko Jumapili ni siku ya kazi, na sikuona tabu kuacha kuapa.

Katika wateja wangu wa kila mwaka alikuwapo Bwana Nasser na mama yake mzee, Umm Nasser. Bwana Nasser hakuwa mjinga. Mwaka wa tatu alinipigia simu akiwa ameshapanda melini, akicheka. "Ya Yusuf," ndivyo alivyoniita kwa Kiarabu, akiligeuza jina langu Josefu, "nimekunywa kahawa, nimeoga, nimelala, na meli yako haijatikisika. Saa zako zina tumbo kubwa!" Tukacheka wote wawili. Sikujua kwamba tangu siku hiyo, kila saa niliyompa aliiongezea saa moja kichwani mwake.

Miaka ikaenda. Msimamizi alirudi Mombasa. Ofisi ikahamia Lusail, mji mpya kando ya Doha, katika jengo la vioo ambamo hakuna dirisha lililofunguka, na akaja Meneja wa Shughuli mpya, mwanamume safi wa kazi na wa maneno. Saa ya meli, ile isiyo na jina, niliitundika mwenyewe kwa msumari. Alipogundua desturi ya akiba alisema, "Mteja mzima haamriwi kama mtoto wa chekechea. Kuanzia leo aambiwe saa iliyo kwenye tiketi." Alisema kweli. Nani hubishana na kweli?

Kiangazi hicho Umm Nasser alikuwa amechagua ziara ya Kroatia: asubuhi maporomoko ya maji, mchana mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe wa enzi za kati, kisha bandarini. Alinipigia mwenyewe mara kadhaa kabla ya safari.

"Yusuf, hayo maji ni matamu au ya chumvi?"

"Matamu, Mama. Ya mto."

"Yanaanguka tu hivyo? Usiku na mchana?"

"Usiku na mchana."

"Na hakuna anayeyafunga?" Aliguna. Utotoni mwake, aliniambia, maji matamu yalifika kwao mgongoni mwa punda, na mama yake alikuwa akikaa mlangoni kuhakikisha hakuna anayenawa uso mara mbili.

Siku yenyewe mwongozaji alinipigia wakati ambao wangekuwa wamekwisha kuuona mji wa mawe na kugeukia bandari. Nyuma ya sauti yake nilisikia mngurumo. Mtu aliyekulia karibu na maporomoko ya Nyahururu haulizi ule ni mngurumo wa nini.

"Bado mko majini?"

"Bibi ameketi kwenye daraja la mbao, hataki kuondoka. Mwanawe ameagiza chakula. Anasema muda upo."

Nikaangalia saa ya meli. Umm Nasser alikuwa mgonjwa wa sukari. Sindano yake ya jioni ilikuwa kwenye friji ya chumba chake melini. Asubuhi alichukua ya mchana tu.

"Nipe Bwana Nasser."

"Ya Yusuf! Njoo ule samaki!"

"Bwana Nasser, ondokeni sasa hivi. Mwisho wa kupanda ni saa kumi."

"Yaani saa kumi na moja."

"Saa kumi. Safari hii hatukuongeza kitu."

Alicheka, na watoto wakacheka pamoja naye. "Kila mwaka unasema hukuongeza kitu! Mwache mama afurahi. Mji tutauona bado, tumeulipia."

Simu ikakatika. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimpigia wakala wa bandari, mtu wetu wa kule gatini. Akajibu kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya kwamba nahodha hasubiri gari la faragha. Meneja akaninong'oneza, "Mwambie tena. Si ni kweli?" Nikamtazama. Kweli ilikuwa kweli, lakini niliyekuwa nayo ni mimi, na mdomo wangu ulikwisha kuchakaa kwa saa za akiba.

Nikapiga tena kwa mwongozaji. "Usimpe mwana. Mpe mama."

Mngurumo ulikaribia hadi nikahisi unyevu sikioni.

"Yusuf," alisema Umm Nasser, taratibu kama mtu aliyeamshwa, "hukunieleza kwamba yana baridi. Nimenawa uso. Nimenawa tena."

"Mama, meli itawaacha. Dawa yako iko ndani. Inuka, Mama, nakuomba."

"Nasser anasema wewe husogeza saa."

"Husogeza, Mama. Leo sikusogeza."

Maji yakaongea peke yao. Kisha akauliza, "Wallah?"

Miaka yote ile ya kazi sikuwa nimelitamka neno hilo la kiapo. Nilimkumbuka Msimamizi na onyo lake.

"Wallah, Mama. Wallah."

Sikusikia jibu. Nilisikia kitambaa kikisuguana na simu, halafu sauti yake, si ya mtu mzee tena: "Nasser! Acha samaki! Yallah, yallah, huyu ameapa!"

Saa iliyofuata sitaki kuirudia hata kwa wino. Nilitazama mshale ukitambaa. Meneja alileta chai mara mbili na yeye mwenyewe hakunywa. Saa kumi ikapita kidogo, na ngazi ya meli, wakala akasema, ilikuwa imeanza kufunguliwa kamba. Hatimaye mwongozaji akapiga, akihema. "Wamepanda. Mabaharia wawili wamembeba bibi na kiti chake."

Niliweka kichwa mezani. Meneja aliinuka, akaenda kunyoosha ile saa yangu iliyokuwa imeinama kwenye msumari.

Jioni Bwana Nasser alinipigia, mpole. "Mji hatukuuona, Yusuf. Tumepita ukuta tu."

"Samahani, Bwana."

"Mama anasema usijali. Mawe, anasema, tunayo tele nyumbani."

Tangu hapo tuliwaambia wateja saa zote mbili, ya kweli na ya akiba, na kila mmoja akachagua ya kufuata. Familia ile ilitaka ya kweli peke yake.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Vijana huniuliza kama Ulaya ni nzuri, na huwajibu kwamba sijafika. Nimeuza maporomoko na miji ya mawe kwa picha na kwa sauti za watu. Nilichojifunza ni kwamba uongo wa huruma nao hutozwa ushuru, na hutozwa siku unapoihitaji kweli.

Juzi nilishuka ngazi za maporomoko yetu ya Nyahururu, magoti yakilalamika. Nikainua simu karibu na maji, nikamrekodia Umm Nasser mngurumo wote ule, na mwishoni nikasema, "Haya ni matamu pia, Mama. Na hapa hakuna meli." Nikamtumia.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza kupanda. Sauti yake imekuwa nyembamba sasa, lakini kicheko ni kilekile.

"Wallah?"

Nikakaa kwenye jiwe, nikaapa.