Kutembea Kinyumenyume

Kwa miaka sita nilitembea kinyumenyume katika nyumba moja ya Rockville, karibu na Washington, Marekani. Ndiyo kazi yenyewe. Mzee ambaye miguu imemwisha nguvu unamshika mikono yote miwili, unamtazama usoni, unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka chooni. Bibi niliyemtunza, Mwingereza wa miaka tisini na kitu, mjane wa mwanadiplomasia, aliupenda sana mwendo huo.

"Babu yangu alitembea hivi mbele ya mfalme," aliniambia kila asubuhi, utafikiri jana hakuniambia.

Kwao utumishi wa kasri ulikuwa urithi. Babu alishika fimbo ya kumtangulia mfalme kinyumenyume, asimpe mgongo, baba akaipokea, shangazi akawa anamvisha malkia. Kwa kufunga vifungo vya watu wakapewa cheo na jumba, na picha zao zimejaa ukutani. Mimi nilimfunga yeye vifungo, na wageni wakija naambiwa nikakae jikoni! Kumwogesha mzee si aibu, nami sikuona aibu. Ila majigambo yale yalinichemsha damu.

Kisha binti yangu akawa anahitimu chuo, kule College Park, wa kwanza kwetu kuvaa joho. Niliomba ruhusa miezi miwili kabla. Bibi akakubali, akaiandika siku ile kwenye kalenda kwa mkono wake.

Siku ilipofika, Mkongo mmoja rafiki yangu, mtunza wazee kama mimi, alikuja asubuhi kunishikia zamu. Nilikuwa nimeshavaa gauni langu la kitenge. Nikiwa natafuta funguo za gari, akatoka chumbani mikono kiunoni.

"Ya dada, huyu bibi anakataa hata nimuguse. Tutafanya namna gani?"

Nikaingia. Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda, kidevu juu. Mpwa wake angefika mchana kutoka Uingereza kuandika habari za ukoo wao, naye hataki kuingizwa sebuleni na mtu asiyemjua. Nikamkumbusha ahadi yake.

"Shangazi yangu hakwenda harusi ya mwanawe," akasema, "kwa sababu malkia alikuwa na mafua. Hakuomba hata ruhusa. Huo ndio utumishi, mpenzi."

Nilitaka kumwambia maneno ambayo mama yangu hakunifunza. Tukimlazimisha akaanguka, rafiki yangu angepoteza kazi, nami cheti changu cha utunzaji kingekwenda. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini mlango ulikuwa wazi na gari lilikuwa nje, na bado nikavua viatu vya kisigino. Hasira ya siku ile, nusu yake ni yangu mwenyewe.

Mchana nikamwingiza bibi sebuleni, kinyumenyume, nikiwa nimevaa kitenge changu cha sherehe. Mpwa akapiga makofi. Akaniomba nisogee pembeni ili ampige picha shangazi yake peke yake.

Nikaenda jikoni, nikampigia binti yangu. Nyuma yake nilisikia vigelegele vya mama za wenzake. Nikaanza kueleza: bibi, mpwa, cheti. Siku zote hunijibu kwa Kiingereza, hata nikimgombeza. Siku ile akanikatiza kwa Kiswahili kisafi, taratibu, bila kinyongo.

"Si kitu, mama. Nimeshazoea."