Miezi Aliyoijua Bibi

Mwaka wangu wa pili wa uuguzi katika wodi ya wazee, hapa mjini Unguja, tulianza kutumia fomu ya kupima mgonjwa amechanganyikiwa kiasi gani. Kila asubuhi nilimuuliza yuko wapi, leo siku gani, kisha ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Kila kosa lilikuwa na alama yake. Alama zikizidi, hali imezidi kuwa mbaya.

Bibi mmoja, mkulima wa mwani wa Makunduchi, aliletwa na bintiye akiwa na homa ya ugonjwa wa mkojo, mwili umemkauka maji. Alikuwa akivuta nyuzi za shuka kama kamba za mwani na kunihimiza, "Funga upesi we mtoto, maji yanajaa!" Alama zake zilikaribia ukomo wa fomu.

Bintiye alinishika mkono. "Mama ndo kashaingia wazimu?"

"La. Hii huja na maradhi, ikaondoka nayo," nilimjibu, ingawa nami nilikuwa na hofu.

Dawa na maji ya mshipa vilimsaidia. Siku ya nne niliingia na fomu, nyuma yangu daktari kijana, mgeni kutoka bara.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Uji wa hospitali yenu leo mwepesi!"

Alijua alipo. Nikafurahi. Lakini kwenye miezi alisema "Desemba," akakwama. Nikaandika kosa.

"Hiyo mie sikusomeshwa," akasema. "N'taje yetu?" Akaanza kukunja vidole. "Ramadhani, Shaabani, Rajabu, mfungo tisa, mfungo nane..." Akateremka bila kukwama hadi mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

"Anahesabu nini?" daktari akaninong'oneza.

"Miezi ya Kiislamu, yote kumi na miwili, kinyumenyume. Hakuruka hata mmoja."

Daktari akaichukua fomu, akalikata lile kosa, akaandika maelezo pembeni. Bibi alikuwa akimtazama tu.

"Na wewe daktari, hebu taja."

Akajaribu. "Ramadhani... Shaabani..." Akakwama.

Bibi akamgeukia bintiye aliyeketi kando yake. "Na huyu mtafutieni kitanda."

Bintiye ndiye aliyeanza kucheka, huku akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Siku mbili baadaye walirudi kwao. Tangu hapo, mzee akikwama kwenye Desemba, mimi humwambia ataje miezi anayoijua yeye.