Sheria ya Getembe ya Pili

Jemimah hakuwahi kukaa kitini hadi kiti kikapata joto. Katika duka la Subhash, mjini Kisii, alikokuwa mpiga taipu, wateja walizoea kumwona akichapa mistari miwili mitatu, akiinuka kwenda mlangoni kutazama mvua ya alasiri, akirudi kunusa chai iliyopoa, akiinuka tena. Lakini vidole vyake vilikuwa na baraka. Kazi kubwa ya duka lile ilikuwa programu za mazishi, zile karatasi zenye picha ya marehemu, wasifu na nyimbo, na watu walizifuata kutoka Nyacheki, Itumbe na hata Nyamira, kwa kuwa ilijulikana kwamba Jemimah hamharibii mtu jina lake la mwisho duniani.

Mwaka wa tisini na saba malaria ilipanda milima yetu ikaingia majumbani bila kupiga hodi. Mmoja wa waliokwenda nayo alikuwa Onyancha wa Kebirigo, mchumba wake Jemimah. Ng'ombe wa mahari walikuwa bado hawajatoka zizini. Na mila zetu hazina mzaha na jambo hilo: bila ng'ombe huna mume, na bila mume huna haki ya kulia mbele ya watu kama mjane. Programu ya mazishi aliichapa mwenyewe. "Ameacha wazazi na ndugu." Herufi zote zilikaa mahali pake, yeye tu ndiye aliyekosa pa kukaa. Siku ya maziko aliketi na wageni, akapakuliwa chakula cha wageni, akashukuru kama mgeni.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Watu walimwona amerudi kazini wakasema, afadhali, binti ana moyo. Moyo gani? Alikuwa hata hawezi kumaliza kikombe cha chai.

Mwaka uliofuata Megha, binti yake Subhash, alirudi likizo kutoka chuoni ng'ambo akaweka mchezo kwenye kompyuta ya duka. Ndani ya kioo mtu alikuwa akitembea vichochoroni, anapigwa, anakufa. Megha anabonyeza kitufe, na huyo bwana yuko mlangoni tena, buheri wa afya.

"Akifa anarudi?" Jemimah aliuliza.

"Kila mara."

"Na mkizima mashine, anakuwa wapi?"

Megha alicheka. Huko chuoni hakuna aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. "Si yuko humo humo tu," akasema.

Jibu hilo la mzaha ndilo lililozaa riwaya. Mteja akiondoka, Jemimah anaandika. Ndani ya mashine zote za dunia, aliandika, kuna mji, na mji huo unaitwa Getembe ya Pili, kwa kuwa Getembe ndilo jina ambalo wazee wetu huuita mji wa Kisii. Humo wanaishi wafu wote aliowahi kuwachapa majina. Katekista wa Nyacheki anacheza drafti na kuiba kete. Karani wa majani chai wa Itumbe anapima mawingu kwa mizani, na bado anawapunja watu. Kisha kuna Kwamboka, fundi wa mitambo, aliye hai, ambaye anavaa kofia ya nyaya na kuingia mjini humo kumtafuta mpenzi wake. Mpenzi huyo jina lake ni Onyancha. Kabla ya kurudi chuoni Megha alimshauri abadilishe jina, lakini Jemimah alikataa katakata. Mtu akinyang'anywa jina lake, alisema, anabaki nani?

Sasa, mji hauendi bila sheria, na sheria ya Getembe ya Pili aliiandika mapema, siku moja alipokuwa na furaha kidogo. Mkazi atakaa humo mpaka siku ambayo mtoto huku nje atapewa jina lake. Jina likiitwa, yeye anaitika, anaondoka. Sheria kama hiyo ingetungwa na Mgusii tu. Sisi watoto wetu tunawapa majina ya waliotutangulia, jina lisilale chini likaota nyasi. Jemimah akamtoa katekista kwa sheria hiyo, mchezo wa drafti ukiwa katikati, na wakati anaandika alikuwa akicheka peke yake. Alisahau kwamba sheria ni msumeno.

Ijumaa moja mchana Bosibori, mamake Onyancha, aliingia dukani na mwavuli unaochuruzika maji. Jemimah aliruka kutoka kitini.

"Nani amekufa, Mama?"

"Hakuna mtu amekufa. Machogu amepata kijana." Machogu ni mdogo wake Onyancha. "Jumapili tunampa jina. Ukuje."

Jina gani, hakusema, wala Jemimah hakuuliza. Katika boma lile kulikuwa na jina moja tu lililokuwa likingoja.

Mama alipoondoka, Jemimah alirudi kwenye mashine na kuifuta sheria. Kabla hajaihifadhi kazi, stima ikapotea, kama kawaida yake mvua ikinyesha, na iliporudi sheria nayo ilikuwa imerudi. Akaifuta tena. Lakini ikiwa hakuna sheria, basi katekista alikwenda wapi? Akamrudisha katekista, akaona ni uongo, akamtoa. Akajaribu kumbadilisha mpenzi wa Kwamboka jina, vidole vikagoma. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Alisimama, akaenda mlangoni, akarudi, akahamia kiti kingine. Alikuwa anamchukia mtoto ambaye hata hajamwona, na kwa chuki hiyo akajichukia mwenyewe.

Subhash alimtazama juu ya miwani. Alizaliwa mjini hapa hapa, na alijua mengi ya watu wetu kuliko alivyojionyesha.

"Jemimah, hii kiti imekukosea nini?"

Akamweleza yote: mji, sheria, mtoto, Jumapili. Alidhani atachekwa. Subhash hakucheka. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa kioo cha kaunta kilichokuwa safi tayari.

"Sisi pia tunasema mtu anarudi," akasema. "Baba yangu alikufa hapa Kisii. Amerudi wapi? Sijui. Labda ni mtoto huko London, labda ni ng'ombe ya mtu hapo Suneka. Kila siku napita, naangalia ng'ombe." Akakunja kitambaa. "Nyinyi mnaambiwa mpaka nyumba yenyewe amerudi. Na wewe unakataa kwenda?"

Alikwenda, ingawa miguu ilimgomea tangu alipoliona soko la Kebirigo. Alipita kando ya kaburi penye migomba, hakulitazama. Ndani alichagua benchi la wageni karibu na mlango, ili moyo ukimshinda atoke bila kumkanyaga mtu. Alisugua mikono, akafungua mkoba, akaufunga.

Mambo yenyewe hayakuwa marefu. Wakaomba Mungu, kisha Bosibori akamwinua mtoto na kumwita, "Onyancha." Mtoto, aliyekuwa amelala, akapiga chafya. Watu wakacheka, wakasema ameitika. Jemimah alihisi kitu kinamtoka kifuani, akajua kwamba kule ndani ya mashine nyumba imebaki tupu.

Ndipo Bosibori akakatiza chumba. Akampita mama mzazi, akawapita mashangazi waliokuwa wamekwishanyoosha mikono, akaja mpaka kwenye benchi la wageni.

"Mokamwana," akasema. Ndilo neno tunalomwitia mke wa kijana wetu, na Jemimah hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. "Shika bwana yako. Amejikojolea, na mimi huyu nimemfulia vya kutosha."

Wanawake wakaangua kicheko. Utani huo ni wetu, hata nyanya humwita mjukuu mume wake. Lakini Bosibori mwenyewe hakucheka, na alipomweka mtoto mapajani pa Jemimah hakuondoa mikono upesi.

Jemimah alimpokea. Alikuwa mzito kuliko alivyotazamia, na majimaji yalipenya gauni mpaka kwenye ngozi. Akalia, mbele ya watu wote, kilio alichokikosa siku ya maziko, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Uji wa wimbi ukaletwa, ukanywewa, vikombe vikaondolewa. Wageni wakaaga mmoja mmoja. Yeye alikuwa bado amekaa pale pale.

Jumatatu aliandika sura ya mwisho, na sheria hakuigusa. Kwamboka anafika Getembe ya Pili, anakuta mlango wazi na viatu havipo. Anamuuliza jirani.

"Ameitwa," jirani anasema.

"Na nani?"

"Mama yake."

Kwamboka anatoka nje, anavua kofia ya nyaya, anashika njia ya Kebirigo. Jemimah akahifadhi kazi, kisha akamwomba Subhash ruhusa ya kutoka mapema, amepata mtu mdogo wa kumnunulia shuka.