Propela ya Achola Kutoka Mbita

Achola alikata maua kwenye mashamba ya Naivasha mpaka vidole vikawa kama mbao, akakaanga samaki pale ufukoni Karagita mpaka moshi ukamjua kwa jina. Na umri wake ulipofika wa kurudi kwao Mbita kukaa kivulini, yeye akanunua boti. Boti ya bluu, na injini iliyotumika lakini nzima. Watu wakasema mama amechanganyikiwa, na midomo yao bado inang'aa mafuta ya samaki wake.

Propela hakununua huku. Aliagiza kwa ndugu zake, ikaja ndani ya gunia la omena, wale dagaa wa kwao.

"Hii ndiyo propela," aliwaambia. "Imetoka kwa ziwa la kweli. Hili lenu ni karai."

Sasa pale ufukoni wana desturi yao. Boti mpya haibebi abiria mpaka wanachama wa chama cha boti wenyewe waijaze, wanene kwa wembamba, iende mpaka kwa viboko na irudi ikikimbia. Ikishindwa haiingii laini, ile zamu ya kubeba abiria. Na Achola alikuwa ameshaachia mwanamke mwingine jiko la samaki. Hakuwa na pa kurudi.

Siku ya kujaribiwa alisokota mkono wa injini mpaka mwisho. Injini ikanguruma kwa uzito kama ng'ombe anayevuta plau kwenye matope. Pua ikaelekea mbinguni, mkia ukazama, na boti ikabaki hivyo hivyo, haipandi juu ya maji, inayasukuma tu.

"Mathe," akasema Nyongesa, mwenye boti nyingine, mtu ambaye mdomo wake hauna breki, "hii boti iko kwa maombi? Mbona imeinua uso?"

"Ni hilo tumbo lako. Ungebaki nyumbani ingepaa."

Watu wakacheka. Kiplangat, mwenyekiti wao, hakucheka.

"Mama, kanuni unazijua. Tutajaribu tena Jumamosi. Ikikataa, utangoja mwaka ujao."

Waliposhuka, fundi Kinyanjui aliinama akasoma namba zilizochongwa kwenye propela.

"Ya kwanza ni upana," akasema. "Ya pili ni hatua, ule umbali inataka kwenda mbele ikizunguka mara moja. Yako ni inchi kumi na tano. Hatua ndefu hivyo, na watu wamejaa, injini haifiki mizunguko yake. Utaichoma. Weka kumi na tatu."

"Mbita wanaweka kumi na tano kwa injini kama hii."

"Mbita ni chini, mathe. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi. Injini inapumua kama wewe."

"Mimi napumua vizuri. Na nilipoiendesha peke yangu ilipaa."

"Peke yako! Sasa utabeba abiria ama utabeba kivuli chako?"

Achola akageuka akaenda zake. Apunguze? Yeye, ambaye hajawahi kupunguza hata sauti?

Jioni aliteleka nyoyo, mahindi na maharagwe. Dada yake akapiga simu kutoka Mbita kumjulia hali.

"Umekula?"

"Wapi! Maharagwe yamekataa."

"Sisi tulibandika saa ile ile na vyombo tumeshaosha."

"Si unajua huku yanachelewa. Moto unawaka, maji yanachemka, lakini hayana ile nguvu ya—"

Dada akaita hello, hello. Achola alikuwa anaitazama sufuria. Ni ile ile aliyohama nayo kutoka nyumbani. Miaka yote alikuwa anaongeza kuni tu, bila kuuliza kwa nini maji ya huku juu hayapiki kama ya kule chini Mbita.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kinyanjui.

"Lete hiyo ndogo. Na usifurahi."

"Sijafurahi."

"Meno naona. Tena kama ndogo ndiyo dawa, weka kumi na moja kabisa."

Kinyanjui akatikisa kichwa, akaweka kumi na moja. Wakapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu, wakatoka. Boti iliruka juu ya maji mara moja, Achola akapiga kigelegele. Halafu injini ikaanza kulia kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Mshale wa mizunguko ukaingia penye rangi nyekundu, na mwendo hauongezeki.

"Kelele mingi, safari hakuna," Achola mwenyewe akasema. "Toa hii kitu."

Ndipo ikawekwa kumi na tatu. Mshale ukapanda, ukasimama pale pale mtengenezaji alipotaka, chini ya ule wekundu. Kinyanjui alikusanya spana zake bila kutabasamu. Alikuwa amejifunza.

Jumamosi Achola aliwapanga mwenyewe.

"Nyongesa, kaa nyuma kabisa."

"Si ulisema tumbo langu ndilo shida?"

"Nalitaka hapo nyuma, uone inavyopaa nalo. Keti."

Akasokota. Pua ikainuka, ikasita kidogo, moyo wake ukasita nayo. Kisha ikashuka taratibu, boti ikakaa sawa juu ya maji, nyepesi, matone yakiwapiga usoni, na wazee wazima wakishika kofia na kupiga kelele kama watoto. Viboko wakapita upande mmoja. Kwa mbali mlima Longonot ulikuwa umetulia, hauna haraka na mtu.

"Imepita, mama!" Kiplangat akapaza sauti. "Kesho uko kwa laini! Sasa geuza turudi!"

Achola alimsikia vizuri sana. Akaelekeza boti katikati ya ziwa, akaongeza mwendo.