Jina la Mama Mkwe Kwenye Mashine

Stany wa Kolwezi aligombana na kompyuta yake, na ugomvi wenyewe aliuanzisha yeye, kwa heshima. Ndiyo, kwa heshima! Msicheke kwanza.

Kazi yake ni kupanga na kuchapa vitabu vya nyimbo na ratiba za harusi, katika kijiduka ambamo vumbi la malori ya madini huingia bila hodi. Programu ya kupangia aliwekewa na shemeji yake Dimitri, ndugu wa mkewe, kabla Dimitri hajahamia Lubumbashi. Programu hiyo haianzi kitu mpaka ipakie faili la muundo, lile linaloiambia ukurasa uwe na upana gani na beti zikae wapi. Na Dimitri, kwa kumpenda mama yake, faili hilo alilipa jina lake: Mushiya.

Sasa, kwa watu wa Kasai kama hawa, mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina. Hamtazami usoni, hali mbele yake, na akimwona njiani anakata kona; mama mkwe naye halitaji jina la mkwe. Stany alikuwa akibofya tu alama kwenye skrini, kazi inakwenda, na jina anajifanya halioni.

Lakini Jumamosi hiyo Mama Mushiya mwenyewe alikuwa anakuja dukani. Yeye ndiye rais wa kwaya ya akina mama, jubilei yao ni kesho, wageni kutoka Sandoa wameshafika, na vitabu vya nyimbo anavyo Stany. Siku zote mama huyo alikuwa akimuuliza binti yake Rachelle: "Bwana yako anachezaka tu na mashini, kazi yake iko wapi?" Stany akaapa kwamba leo ataiona. Kisha akawaza: aje akute jina lake linawaka kwenye skrini ya mkwe? Aibu gani hiyo! Basi akalibadili jina la faili, likawa "mama".

Kompyuta ikagoma. Ikaandika kwamba faili la muundo Mushiya halionekani. Jina lile lile, tena kwa wekundu!

Stany akafungua mpangilio wa njia, pale kompyuta inapoambiwa ikatafute mafaili yake wapi na wapi, akaielekeza kwenye folda moja tu, ile yenye faili la "mama". Akasahau kuweka nukta-mkato mwishoni, ile inayoiambia: ukikosa hapa, katafute na kule kwa zamani. Ala! Sasa hata herufi haizioni. Alikuwa na ugonjwa mmoja, akawa na miwili.

Alipoikumbuka nukta-mkato akaiweka, herufi zikaonekana. Likabaki jina la faili, nalo sharti liandikwe tena kama zamani. Vidole vikafika juu ya kibodi ya Kifaransa, vikagoma kama kompyuta. Rachelle angemwandikia, lakini yuko parokiani anapikia wageni. Na nje, kwenye benchi, mama mkwe ameshafika, amekaa akiupa mlango mgongo kama adabu inavyotaka.

"Mukwe, bitabu biko wapi?"

"Mama, kuko ka problème." Stany alisemea ukutani. "Ordinatere inaomba jina."

"Si uipatie!"

"Ni jina ya... ya ule mutu mwenye mi siwezi kutaja."

Benchi likaanza kutikisika. Mama alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

"Toka umu! Mi mwenyewe nitaandika."

Stany akatokea mlango wa nyuma, mama akaingia wa mbele. Akasimama uani, uso kwenye matofali, akielekeza.

"M iko wapi?"

"Pembeni ya L, mama."

Kidole kimoja, herufi moja moja, kwa nguvu kama anatwanga majani ya sombe. Mara printa ikakohoa, kurasa zikaanza kutoka: beti zimekaa wima, namba za nyimbo zimejipanga. Mama akazifunua moja baada ya nyingine. Huko nje Stany alisikia karatasi tu.

"Mukwe."

"Mama."

"Huku mwisho kuko jina ya padiri, kuko jina ya kwaya. Ya mwenye kutengeneza haiko."

"Niliogopa, mama. Utaionaje, na we haunitajake?"

"Ingia, uiandike. Mi natoka." Hatua zake zikaelekea mlangoni, zikasimama. "Mi sitaisoma. Lakini bote kule kanisani basome."