Mama amenikuta natazama ile tamthilia

Mama amenikuta leo natazama wanaume wawili wakipendana.

Ni ile tamthilia niliyowasimulia: wapenzi wanatenganishwa na wazazi, mmoja anakufa kwa huzuni, kisha anazaliwa upya na wanakutana tena. Nilijua mama yuko kanisani Oakdale na dada yangu. Kumbe theluji imewarudisha njiani!

Nikatafuta rimoti nizime, siioni.

Dada akapitiliza chumbani. Mama akavua koti, akaketi kando yangu wakati wanarudia kile kipande cha kifo. (Mnajua kuwa mama hajui habari zangu.)

"Huyu si ndiye aliyekufa?"

"Ndiye, mama. Amezaliwa upya."

"Mbona hamkumbuki mwenzake?"

Nikamweleza kisa chote tangu mwanzo. Waigizaji wale wanajua kazi. Wakitazamana tu, unaelewa kila kitu. Lakini ndoto zimezidi. Jambo likishindikana kuelezwa, mtu analala anaota.

"Anaota tena?" mama akalalamika. Nikacheka kwa woga.

Kisha akasema, macho yakiwa bado kwenye TV: "Hadithi nzuri, ila wamekosea kwa yule mama. Mwanawe amekufa kwa sababu yake, na hawajamwonyesha akilia hata kidogo."

Akanigeukia. "Na wewe una mtu?"

"Ninaye."

"Anaitwa nani?"

Jamani, ningeweza kutaja jina lolote la kike. Nikasema, "Daudi."

Akainuka, akaenda jikoni. Nikasikia masufuria, nikajua ndiyo basi tena.

Sasa hivi ameniita kutoka huko, anauliza kama Daudi anakula pilipili.

Bado sijamjibu. Niambieni kitu!