Niliitwa Bingwa, Nikafuta Sauti za Marehemu

Kosa ni langu. Nalisema mapema usije ukapoteza muda kunitafutia utetezi, maana mwenyewe nimeutafuta mpaka nimechoka. Nimefuta sauti za marehemu, baba wa mtoto, na simu yenyewe sikuigusa hata kwa kidole!

Ngoja nikae vizuri nikueleze.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro mjini, si mbali na stendi ya Msamvu. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nalaminisha vyeti vya watu. Wateja wakija wanakuja kwa mkupuo, wakiondoka nabaki na mashine na simu yangu. Hiyo simu ndiyo iliyoniponza.

Kuna app moja ya kurekodi sauti. Jina silitaji, nisije nikaitwa polisi. Wanafunzi wa chuo wanarekodia masomo, wanakwaya wanarekodia mazoezi, na mimi nilikuwa narekodia wateja wanaotaka barua lakini hawajui waanzie wapi. App nzuri tu. Ila ndani yake kuna jukwaa la watumiaji kuuliza maswali. Ukidhani utajibiwa na kampuni, pole! Anayekujibu ni mtumiaji mwenzako, asiyejua kama wewe usivyojua. Kampuni imekaa pembeni inapiga makofi.

Ukijibu swali unapewa nyota moja. Ukijibu ndani ya dakika moja, nyota mbili. Nyota zikijaa unaitwa Msaidizi, halafu Mshauri, halafu Bingwa. Mshahara? Hakuna! Mafunzo? Thubutu! Kuna kikombe cha dhahabu kinachorukaruka kwenye skrini, na kuna meneja wa jamii, dada mmoja wa Dar mwenye maneno ya asali, anakuandikia: "Sisi si kampuni na wateja. Sisi ni familia!"

Familia! Ningejiuliza basi, ni familia gani hii ambayo hakuna anayejua mlango wa nyumbani ulipo?

Sikujiuliza. Wewe nikufiche nini? Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kufunika na gazeti. Miaka yote nalaminisha vyeti vya wenzangu, changu hakipo. Siku kampuni iliponitumia cheti cha Bingwa, nilikichapa kwa rangi, nikakilaminisha mara mbili, nikakitundika ukutani juu ya mashine ya kopi. Na picha yangu juu yake, nimetoa meno yote. Wakaniletea na fulana, ndogo, inanibana makwapani, imeandikwa kifuani: MIMI NI SAUTI YA JAMII. Niliivaa hadi kwenye harusi ya binamu yangu, jamani!

Sasa sikia siri ya ubingwa wangu. Nilikuwa na jibu moja tu. Moja! Nimelihifadhi, kazi yangu kubandika:

"Habari mpendwa mtumiaji! Pole kwa changamoto. Futa app, zima simu, washa, pakua app upya. Tatizo kwisha!"

App haifunguki? Hilo. Inamaliza chaji? Hilo. Kaka mmoja aliuliza jinsi ya kukuza maandishi, nikambandikia hilohilo, na akanishukuru! Na mara nyingi lilifanya kazi kweli, ndiyo maana kichwa kilinivimba.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, wanafunzi wamejaa dukani na madaftari yao. Jana yake app ilikuwa imejisasisha, na maswali yanamiminika kama mvua ya Aprili. Likaingia moja:

"Habari zenu. Mimi ni Mama Tatu, niko Mgeta. Tangu app ijibadilishe jana, sauti zangu naona majina yake lakini hazilii. Ni sauti za marehemu mume wangu. Sina pengine nilipoziweka. Naombeni msaada, naogopa kugusa."

Mimi nilisoma mpaka "hazilii". Basi. Mkono mmoja unapokea karatasi, mwingine unabandika jibu. Dakika haijaisha. Nyota mbili!

Nusu saa baadaye akaandika tena: "Dada Bingwa, nimefanya kama ulivyosema. Sasa hata majina sioni. Zimekwenda wapi?"

Hapo ndipo niliporudi kusoma ujumbe wake wa kwanza, neno kwa neno. Nikatoka mbio kwa jirani yangu Athumani, fundi simu, nikamsomea.

"Alizihamisha kwanza?" akaniuliza.

"Hakuhamisha."

"Basi zilikuwa humohumo ndani ya app. Ukiitoa app, zinatoka nayo. Umemzika mume wa watu mara ya pili."

"Haiwezekani zikarudi?"

"Mimi fundi tu," akasema, akanyoosha bisibisi kuelekea ukuta wangu. "Muulize Bingwa."

Ungedhani hapo ningemwomba msamaha yule mama. Sikumwomba! Sasa naliungama kosa la pili, ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza.

Wiki ile kampuni ilikuwa inachagua mabingwa wa kwenda Dar kwenye mkutano wao. Hoteli, chakula, picha na wakubwa. Sharti lilikuwa moja: usiwe na lalamiko lililo wazi kwenye majibu yako. Na bingwa ana kitufe chake. Akikibonyeza, swali linafungwa, mwenye nalo hawezi kuandika tena, na inatokea alama ya kijani: LIMETATULIWA.

Nikabonyeza.

Mjane wa watu anauliza sauti ya mumewe imekwenda wapi, mimi namjibu Limetatuliwa! Wallahi hata leo nikiandika hivi uso unawaka moto.

Siku tatu baadaye kampuni ikatoa toleo jipya na tangazo la mstari mmoja: "Tumerekebisha hitilafu ndogo za kusikiliza sauti." Waliokaa bila kugusa kitu, sauti zao zote zililia kama kawaida. Waliopoteza ni wale tu waliosaidiwa na mimi.

Wiki iliyofuata, mchana, akaingia dukani dada mmoja amejitanda kanga, kambeba mtoto wa kike mgongoni na kiroba mkononi.

"Samahani dada, hapa ndipo ofisi ya Bingwa?"

Kumbe jina la duka langu lilikuwa kwenye wasifu wangu kule jukwaani. Nililiweka mwenyewe, kwa majivuno.

"Bingwa katoka," nikasema.

Akainua macho ukutani. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena ukutani. "Si wewe huyu?"

Mteja aliyekuwa anasubiri kopi akaangua kicheko. Mimi nikatafuta stepla ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Yule mama hakuja kugomba. Ndiyo iliyoniua! Alifungua kiroba akatoa njegere na kabichi mbili, akaweka juu ya kaunta. "Nilisema kwenye simu pengine sikueleza vizuri. Ndiyo nikashuka mwenyewe. Labda zile sauti mmezihifadhi hapa ofisini." Na akaitazama mashine yangu ya kopi kwa heshima, kama ndiyo iliyommeza mumewe.

Nikamuuliza sauti zenyewe zilikuwa za nini. Bora nisingeuliza.

Mumewe alikuwa mpakiaji wa mboga kwenye malori ya Dar. Akaugua, akalazwa siku nyingi. Alipojua haponi, akawa anamrekodia mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza hata kutembea. Hii ya siku atakayoanza shule. Hii ya Ramadhani yake ya kwanza ya kufunga. Hii ya siku atakayoolewa.

"Alikuambia nini humo?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Sikuzisikiliza. Alisema nizingoje siku zake. Mwezi wa Januari huyu Tatu wangu anaanza shule, ndiyo nikataka kujaribu kama ile ya kwanza inalia."

Nikachukua simu palepale nikaandika kwa kampuni, yeye ananiangalia. Jibu likaja upesi ajabu: "Asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu! Swali kama lako limeshajibiwa na jamii. Bonyeza hapa."

Nikabonyeza. Ikafunguka picha yangu na meno yangu yote, na chini yake: Futa app, zima simu, washa, pakua app upya. Tatizo kwisha!

Mama Tatu akasoma polepole, midomo inacheza. "Mbona ni wewe tena?"

Nikamwandikia meneja wa jamii mwenyewe, nikamweleza yote, mjane, mtoto, yote. Akajibu kwa mioyo mitatu myekundu: "Pole sana mpendwa! Tunathamini hisia zako. Kumbuka tu kwamba majibu ya wanajamii si msimamo wa kampuni. Halafu usisahau kututumia saizi ya fulana kwa ajili ya mkutano!"

Umeona? Nikileta nyota, mimi familia. Nikileta msiba, mimi mwanajamii!

Basi nikasema ukweli. "Mdogo wangu, mimi si mfanyakazi wao. Hawanilipi, hawanijui. Sijui chochote kuhusu hiyo app. Nilikujibu sijamaliza kusoma. Na swali lako, niliyelifunga ni mimi."

"Ulilifunga ili iweje?"

"Niende Dar."

Hakupiga kelele, hakutukana. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza kanga, akatoka. Nikamkimbilia na kiroba chake hadi barabarani.

"Dada, mzigo huo nimeubeba tangu Mgeta," akasema bila kugeuka. "Siurudishi mlimani."

Nikalia pale barabarani na njegere mkononi, watu wananitazama.

Jioni ile nilifungua tena swali lake, nikaandika jukwaani kila kitu: kwamba wasifute app kabla ya kuhamisha vitu vyao, kwamba mabingwa hatujui kitu, kwamba nimempotezea mjane sauti za mumewe. Saa haikuisha, maandishi yakaondolewa! "Lugha inayovunja moyo wa jamii," wakasema. Ubingwa wakauchukua hapohapo. Siku zote nilidhani hawana mtu wa kusoma yanayoandikwa mle. Kumbe wanaye, ila kazi yake ni kufuta.

Cheti nilikitoa ukutani, lakini jina limebaki. Athumani hana siri. Hapa mtaani sasa naitwa Futa-Pakua, na wanafunzi wakipita wanapaza sauti: "Futa-Pakua, shikamoo!" Nawaitikia marahaba. Nifanyeje?

Jumapili nilipanda Mgeta. Athumani alikuwa ameniambia kama ipo sauti yoyote ya yule marehemu, itakuwa kwenye simu za rafiki zake. Njia ya mguu ile inapanda kama ngazi. Mama mkwe wa Mama Tatu alikuwa barazani anachambua njegere.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa simu?"

"Ndiye, mama."

Akaendelea kuchambua. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Mama Tatu ndiye aliyetoka ndani, na nilipomweleza nilichofuata, akajifunga kanga tukaenda pamoja. Tulizunguka kwa wapakiaji wenzake wote. Wengi walikuwa wamebadilisha simu. Mmoja tu, Shaibu, aliyekuwa akipakia naye lori moja, alikuwa na ujumbe mmoja wa sauti ambao hakuwahi kuufuta. Akauchezesha:

"Shaibu eeh, kabichi za yule mzee zisikae juani, nakuja sasa hivi."

Basi. Ni hiyo tu. Mama Tatu akafunika uso kwa kanga. Mtoto akasogea karibu na simu.

"Baba anamwita nani?"

"Anamwita mjomba Shaibu," mama yake akasema.

"Na mimi?"

Shaibu akageuka akaangalia bondeni. Mimi niliangalia vidole vyangu.

Januari Mama Tatu alinipigia, mara moja tu. Hakusalimia. "Leo kaenda shule. Nimemwambia baba yako alisema usome kwa bidii. Sijui kama ndicho alichosema." Akakata simu.

Sijamwomba msamaha hadi leo, maana hata nikiomba, atanisamehe nini? Msamaha wake utarudisha zile siku za wodini, yule mtu anayeongea na mtoto asiyeelewa bado?

Wewe unayesoma, kama una sauti au picha ya mtu wako, ihamishe leo, uiweke pawili patatu, usimngoje bingwa. Na nyie mnaojibu watu huko mitandaoni mbio mbio mkitafuta vikombe vya kuchora, someni swali mpaka mwisho. Hao wanaowaita familia wana kazi zao, na kazi yao si nyinyi.

Na ukiulizwa usichokijua, sema sijui. Herufi tano tu! Ningeziandika siku ile, yule mtoto angekwenda shule na maneno ya baba yake.